Rivolva ya risasi za bunduki kwa uwindaji: uchukue .45-70, .30-30 au .30 Carbine?

Wadau habari zenu. Hii naandika kwa ajili ya wenzetu mlioko Marekani ambao mmeshaanza kuwinda, mna leseni, mna bunduki zenu za kawaida, halafu siku moja mkaishika ile rivolva kubwa dukani au renji (uwanja wa kulenga shabaha) na tangu siku hiyo usingizi umepungua, unaitaka ila hujui uchukue ya risasi gani. Nimeulizwa swali hili na watu watatu tangu msimu uliopita uishe na kila mmoja nilimjibu tofauti, manake kila mmoja anaishi jimbo lake, anawinda mnyama wake, na mikono yao haifanani hata kidogo.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Rivolva nyingi zinakula risasi fupi za bastola, .38, .357, .44 na ndugu zake. Hizi ninazosema zinakula risasi iliyobuniwa kwa ajili ya bunduki ndefu. Ganda la .45-70 tupu, bila kichwa (ile sehemu inayoruka), lina zaidi ya sentimita 5, kwahiyo silinda, lile pipa linalozunguka na kubeba risasi, inabidi irefushwe na bastola nzima inakua pamoja nayo. Sio wazo jipya, miaka ya 1970 kule Indiana walikuwa wanatengeneza rivolva ya .45-70 inaitwa Century Model 100, fremu yake ya bronzi. Leo ukitaka mpya ya .45-70 au .30-30 jina utakalokutana nalo ni BFR ya Magnum Research, zinatengenezwa Pillager, Minnesota, chuma kisichoshika kutu, na ni singo akshen, yaani unavuta nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Ya .30 Carbine ni Ruger Blackhawk, nayo singo akshen, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na ukikosa mpya za mtumba zipo. Kwahiyo nalinganisha hizo tatu, ndo watu wanazokwama nazo.

Kabla hata ya bei, makaratasi

Hapa naomba msome taratibu kwa sababu ni maisha yako. Kununua bastola kwenye duka lenye leseni Marekani sheria ya taifa inataka uwe na miaka 21. Mwenye green card anaruhusiwa kumiliki. Aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi, ila sheria hiyohiyo inamtoa kwenye katazo mtu mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, na hata hapo uongee na wakili wa uhamiaji kwanza kabla hujagusa kitu. Asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa, hata kuishika tu ya rafiki renji ni kosa kubwa la taifa, na kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani. Naona vijana wanapiga picha na silaha za watu wanatupia mitandaoni bila kujua wanajiwekea ushahidi. Na wale wa kutoka Kenya mjue hapa mnaanza kitu ambacho kwetu Afrika Mashariki wengi hatukukua nacho, Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwahiyo usione aibu kukaa darasa la usalama wa uwindaji pamoja na watoto wa miaka 12, mimi nilikaa na nilijifunza mengi.

Vigezo ninavyotumia

Nitapima zote kwa mambo yaleyale. Sheria ya jimbo inaikubali kwa mnyama unayemtaka? Nguvu gani inabaki baada ya kuikatia mtutu, na kwa umbali gani unaweza kumuua mnyama bila kumtesa? Teke na kelele. Tabia ya ganda ndani ya silinda (hii watu hawaiulizi na ndo inayowaharibia siku). Risasi zinapatikana na zinakula hela kiasi gani. Mwisho, inamfaa mtu wa namna gani.

Na kuna kitu kimoja kinachozigusa zote tatu nikiseme hapa nisirudie. Baruti ya risasi ya bunduki inaungua polepole, ilipangiwa mtutu wa inchi 20 na kuendelea, wewe unaipa inchi saba na nusu au 10, kwahiyo sehemu ya baruti inamalizikia nje ya mtutu, ndo lile moto na ule mlipuko unaouona. Juu ya hapo kila rivolva ina upenyo mwembamba kati ya silinda na mtutu, unene wa karatasi moja au mbili, na gesi inayotokea pale pembeni inakata kama wembe. Mtu aliyezoea bunduki mkono wake wa kushoto unakimbilia mbele chini ya mtutu wenyewe bila kufikiri. USIFANYE HIVYO. Mikono yote miwili inakaa kwenye mshikio nyuma ya silinda, basi. Ukiegemeza bastola kwenye mfuko wa mchanga weka kipande cha ngozi nene chini ya ule upenyo la sivyo mfuko utachanwa, na ukiuona mfuko ulivyochanwa utaelewa kwanini nakazania vidole. Masikio ni kinga mbili, vizibo vya ndani halafu hedifoni za kuzuia sauti juu yake, hata porini. Risasi moja ya hizi bila kinga inatosha kukuachia mlio masikioni ambao hautaondoka.

.45-70 Government

Hii ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, enzi za baruti nyeusi, kichwa cha greni 405 na baruti greni 70 (greni ni kipimo cha uzito, kama 15 zinafanya gramu moja). Kongwe kuliko babu zetu na bado iko dukani.

Sheria: hapa ndo inapoziacha wenzake. Ganda lake limenyooka, halina shingo, yaani halibanwi kuwa jembamba linapokaribia kichwa, na kichwa ni kaliba .458, ndo upana wake kwa inchi. Mimi niko Ohio, na Ohio bastola ya kuwindia kulungu inatakiwa iwe na mtutu usiopungua inchi 5 na risasi ya ganda lililonyooka kuanzia .357 kwenda juu. Inapita bila maswali. Majimbo ya ukanda huu yenye mashamba tambarare na nyumba zilizotawanyika, Ohio, Indiana, kusini mwa Michigan, kwa miaka mingi yamekuwa yakibana risasi zenye shingo kwa sababu zinasafiri mbali sana zikikosa, na ndo maana .45-70 ikapata maisha mapya huku. Kanuni zinabadilika kila msimu, soma kijitabu cha jimbo lako cha mwaka huu.

Nguvu na umbali: kwa mtutu wa inchi 10 kichwa cha greni 300 cha kiwandani kinatoka kwa kasi ya futi 1,400 hadi 1,600 kwa sekunde. Kwa futi 1,500 hiyo ni kama futi-pauni 1,500 (kipimo cha nguvu ya risasi), ni nguvu ya kutosha kabisa kwa kulungu, nguruwe pori, hata dubu mweusi. Ila inapinda. Ukiiseti ipige katikati kwa yadi 100, ukifika yadi 150 imeshashuka karibu shubiri nzima, na shubiri ni tofauti kati ya mapafu na mguu uliovunjika. Mimi nasema yadi 100 ndo mwisho wake mkononi mwa watu wengi, na wengi nikiwemo mimi tuwe wakweli tuishie 75.

Jambo la kichwa cha risasi sasa. Vichwa vingi vya .45-70 vimetengenezwa vifunguke kwa kasi ya bunduki, ukivipiga kwa rivolva vinaweza kupita bila kufunguka, vinatoboa kama msumari. Kuna njia mbili, ama uchague kichwa laini kilichokusudiwa kasi ndogo, ama uchukue cha madini ya risasi (ledi) magumu yaliyomiminwa kwenye kalibu, chenye pua pana bapa, ambacho hakitegemei kufunguka, kinakata tundu pana moja kwa moja na kutokea upande wa pili. Kwa nguruwe mimi napenda hicho cha pili, ngao yake ya bega inahitaji kitu kinachokwenda mbele tu.

Teke na kelele: watu wanaogopa hii kuliko inavyostahili na wengine wanaidharau kuliko inavyostahili. Bastola yenyewe ina karibu kilo 2 au zaidi kidogo, huo uzito unakusaidia, na risasi za kawaida za kiwandani zinatengenezwa kwa presha ndogo kwa sababu bunduki za kale za Springfield bado ziko mikononi mwa watu. Kwahiyo teke lake ni la kusukuma, bastola inainuka na kuviringika ndani ya kiganja, uiachie iviringike, usishindane nayo. Lakini zipo risasi za .45-70 zilizoandikwa kwenye boksi kwamba ni za bunduki za kisasa zenye nguvu tu, hizo kaa nazo mbali, kifundo cha mkono hakina spea. Hata hizi za kawaida mimi siku moja renji napiga 15 au 20 nafunga mzigo, ukizidisha mwili unaanza kuogopa kabla akili haijajua, unafumba macho sekunde ya kuvuta triga, na ukishaupata ugonjwa huo kuuondoa ni miezi.

Tabia ya ganda: tulivu. Ganda limenyooka na lina ukingo chini, linakaa palepale. Tatizo lake ni lingine, teke linavuta vichwa vya risasi zilizobaki ndani ya silinda, vinatembea mbele kidogo kidogo kwa sababu kiwanda kilivibana kwa kufikiria bunduki. Kikitembea sana kinachungulia mbele ya silinda na silinda inakwama. Jaza tano, piga nne, ile ya tano itoe uipime urefu kwa kaliper ulinganishe na uliyoacha kwenye boksi. Ikiwa imerefuka, boksi hilo lipigie bunduki, kwenye rivolva usiende nalo porini.

Risasi na pesa: boksi ni risasi 20 na bei inauma. Bastola yenyewe ni zaidi ya dola 1,000. Wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani ndo wanaofaidi, ganda nene, presha ndogo, linarudiwa mara nyingi sana.

Inamfaa nani: mtu wa majimbo ya ganda lililonyooka, anayewinda msituni kwa karibu, mwenye subira ya kujifunza teke, na ikiwezekana tayari ana bunduki ya .45-70 ili risasi ziwe za aina moja nyumbani.

.30-30 Winchester

Ya mwaka 1895, risasi ya kwanza ya uwindaji Marekani iliyokuja na baruti isiyotoa moshi, na bunduki ya Winchester 1894 ndo iliyoipeleka kila shamba. Inasemwa imeangusha kulungu wengi kuliko nyingine yoyote, hilo siwezi kukuhesabia, ila ukienda vijijini huku kila mzee anayo moja nyuma ya mlango.

Sheria: ina shingo. Kwa kulungu wa Ohio kwa bastola haiwezekani, imeisha hiyo. Texas ni habari nyingine kabisa, kulungu wa mkia mweupe unaruhusiwa kumpiga kwa silaha yoyote halali inayotumia risasi za fataki ya katikati (fataki ni kile kidude kitakoni mwa ganda kinachopigwa na kuwasha baruti), na nguruwe pori tangu Septemba 2019 huhitaji hata leseni ya uwindaji kama uko kwenye ardhi binafsi na mwenye ardhi amekuruhusu. Shemeji yangu yuko huko, anawinda nguruwe mwaka mzima, sisi huku tunahesabu siku za wiki ile ya bunduki baada ya Thanksgiving.

Nguvu na umbali: bunduki ya mtutu wa inchi 24 inakisukuma kichwa cha greni 150 kwa futi 2,390. Rivolva ya inchi 10 itakupa kitu kama 1,750 hadi 1,950. Ukisikia hivyo unaona imepotea nusu ya maana, lakini fikiria hivi, risasi ya bunduki ikishakwenda yadi 100 nayo kasi yake imeshuka mpaka karibu 1,970, na watu wanaangusha kulungu kwa hiyo .30-30 yadi 125 kila mwaka. Kwahiyo kinachotoka mdomoni mwa rivolva yako ni kama kile kilichofika kwa mnyama kutoka kwenye bunduki ya mzee. Na kizuri zaidi vichwa vya .30-30 tangu mwanzo vilitengenezwa vifunguke kwa kasi za chini, kwahiyo hapa huna lile tatizo la msumari. Inakwenda imenyooka kuliko .45-70, yadi 100 ni raha, na mpigaji mzuri mwenye darubini na kiegemeo anaweza kufika 125. Kwa dubu mkubwa au nguruwe dume mzee mimi ningechukua .45-70, greni 150 ni nyepesi kwa mfupa ule.

Kuna faida moja watu hawaifikirii. Vichwa vya .30-30 vya kiwandani vingi vina pua bapa kwa sababu kwenye bunduki risasi zinapangana kwenye bomba, pua ya moja inagusa fataki ya mwenzake, ikiwa imechongoka inaweza kulipua. Rivolva haina bomba. Anayejijazia mwenyewe anaweza kutumia kichwa kilichochongoka kinachokata upepo vizuri, mradi urefu uingie kwenye silinda na risasi hizo zisije zikachanganyika na za bunduki. Weka boksi lake mbali na uandike kwa maandishi makubwa.

Teke na kelele: teke dogo waziwazi kuliko .45-70, bastola nzito kichwa chepesi, wengi wanashangaa. Kelele ndo inakulipa, ni kali, ina ncha, na mwanga wake jioni unakupofusha kwa muda mfupi.

Tabia ya ganda: hapa nikae kidogo. Ganda lenye shingo likilipuka linasukumwa nyuma kwa nguvu kwenye ukuta ulio nyuma ya silinda. Kwenye bunduki kuna kufuli linalolishika. Kwenye rivolva kinachosaidia ni msuguano wa ganda na kuta za chemba (tundu la silinda inamokaa risasi), na kama chemba ina mafuta msuguano huo haupo, ganda linarudi nyuma, linabana, silinda haizunguki. Sio kitu cha kubuni, mwaka 1961 Smith & Wesson walitoa Model 53 ya .22 Jet, risasi yenye shingo kali, na sifa yake iliyobaki mpaka leo ni hiyo ya silinda kukwama. Shingo ya .30-30 ni ya upole, mteremko wake ni wa taratibu, kwahiyo shida ni ndogo kuliko ile, ila haijaisha. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliazimwa ya namna hii, nikaisafisha usiku nikaipaka mafuta kila mahali kama nilivyofundishwa na bunduki, kesho yake risasi ya pili tu silinda ikagoma, nikakaa pale benchi na bastola iliyojaa ambayo haizunguki, mtutu nimeuelekeza kwenye tuta, jasho linanitoka, mpaka msimamizi akaja tukaifungua taratibu. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nasafisha chemba mpaka kitambaa kitoke kikavu kabisa na maganda nayafuta moja moja. Ukiwa mtu wa haraka haraka, hii itakusumbua.

Risasi na pesa: boksi la 20 kwa kawaida ni nafuu kuliko .45-70, na duka lolote la kijijini linazo. Bastola bei ileile ya BFR.

Inamfaa nani: mtu wa jimbo linaloruhusu shingo, anayekaa mahali pa wazi kidogo anahitaji zile yadi 100 na zaidi, ambaye teke kubwa hawezi au hataki, na ana nidhamu ya usafi.

.30 Carbine

Hii ilizaliwa kwa ajili ya M1 Carbine ya vita vya pili vya dunia, bunduki iliyotengenezwa zaidi ya milioni 6. Wanajeshi waliporudi nyumbani risasi zikabaki kila mahali, ndo ikawa na maana kutengeneza rivolva inayozila.

Sheria: ganda karibu limenyooka lakini kaliba ni .308, kwahiyo Ohio haifikii ile .357 kwa kulungu. Na hata jimbo linaloruhusu, subiri kidogo usome chini.

Nguvu na umbali: kwa bunduki greni 110 inatoka futi 1,990, kwa Blackhawk ya inchi 7.5 inatoka kati ya 1,400 na 1,550, ni kama futi-pauni 480 hadi 590. Ni theluthi ya ile .45-70. Kwa koyoti, rakuni, na wadogo wengine ni nzuri sana, inakwenda imenyooka na ni sahihi. Kwa kulungu mimi sishauri. Najua wapo wanaofanya, kwa yadi 40, kwa kichwa laini, mnyama akiwa ametulia ubavu. Lakini haina akiba, ukikosea kwa inchi mbili hakuna kitu cha kukuokoa, na anayelipa ni mnyama anayekwenda kufia vichakani siku mbili baadaye. Hilo sipendi kulilainisha.

Teke na kelele: teke ni dogo mno, mtoto wa kambo wangu wa miaka 16 anaipiga nikiwa pembeni yake na anacheka. Kelele ni kinyume chake, pengine ndo inayoshangaza kuliko zote kwa sababu mkono hauhisi kitu halafu masikio yanapigwa kofi. Kinga mbili, nimeshasema.

Tabia ya ganda: haina ukingo, inasimamia mdomo wa ganda ndani ya chemba, kwahiyo urefu wa ganda ukiwa mbaya fataki haipigwi sawasawa. Anayejijazia lazima akate maganda urefu sahihi na asiuviringishe mdomo. Chemba chafu zinanata, safisha. Halafu ukinunua Blackhawk ya mtumba iliyotengenezwa kabla ya 1973, zile zenye skurubu tatu ubavuni, na haijafanyiwa marekebisho ya usalama, jaza tano tu na nyundo ikae juu ya tundu tupu, manake ikidondoka inaweza kujipiga.

Risasi na pesa: za mazoezi zinakuja boksi la 50, ila hizo nyingi ni za kichwa kilichofunikwa chote kama za jeshi, za renji tu, kuwindia tafuta za pua laini. Bastola ni nyepesi, kilo 1.3 hivi, na bei yake ni ya chini kuliko BFR, lakini haiji na matundu ya kufungia darubini, utapigia saiti za chuma.

Inamfaa nani: anayewinda wadogo, mwenye shamba anayelinda kuku, mwenye M1 Carbine nyumbani, na mtu anayetaka kujifunza kuvuta triga ya singo akshen bila kuumizwa.

Vipi kuhusu ambazo sio hizi

Kwa haraka. Kama unachotaka ni nguvu tu, .460 na .500 za Smith & Wesson, za mwaka 2005 na 2003, zilibuniwa kwa rivolva tangu mwanzo, rivolva zake ni dabo akshen (ukivuta triga tu nyundo inajivuta yenyewe), na .460 inakubali pia .454 Casull na .45 Colt, kwahiyo unafanya mazoezi kwa risasi nyepesi. Kama unachotaka ni usahihi wa mbali, Thompson/Center Contender ya tangu 1967 inakula risasi moja tu kwa wakati, inakunjuka katikati, haina upenyo wa silinda, unabadilisha mtutu upendavyo. Kwenye .30-30 inaishinda rivolva kwa kasi na kwa utulivu wa ganda. Anayekwambia rivolva ni bora kwa sababu ina risasi tano muulize ni lini alihitaji ya tatu kwa mnyama mmoja.

Sasa wewe uko wapi

Uko Ohio au jirani zake na lengo ni kulungu: katika hizi tatu ni .45-70 tu, hakuna cha kujadili, sheria imeshakuchagulia. Chukua mtutu wa inchi 10, weka darubini ya bastola yenye umbali mrefu wa jicho au doti nyekundu, tafuta vijiti vya kuegemea, na usisahau koti au kizibao cha rangi ya chungwa.

Uko Texas au jimbo lililolegea, unakaa kwenye kibanda kinachotazama kichochoro cha yadi 90: .30-30, na ukiwa mtu wa nguruwe wakubwa usiku na mchana rudi kwa .45-70.

Una kifundo kibovu, au umepata upasuaji wa mkono: .30-30 na vifuniko vya masikio vya nguvu, au .30 Carbine kama wanyama wako ni wadogo. Wala usikubali mtu akuone dhaifu, mnyama hajui ulipiga na nini, anajua ulipiga wapi.

Huna mpango wa kujijazia risasi na bajeti imebana: hesabu risasi 200 za mazoezi kwa mwaka kabla hujahesabu bei ya bastola. Kama hesabu ya .45-70 inakutoa machozi, bora .30-30 unayoipigia mara kwa mara.

Unataka yote matatu kwa silaha moja, wadogo, kulungu na dubu: haipo kwenye orodha hii, angalia .460.

Na kama bado hujawahi kupiga hata moja kati ya hizi usinunue mwezi huu. Tafuta mtu mwenye nayo, nunua boksi moja wewe mwenyewe usimmalizie zake, weka sahani ya karatasi ya inchi 6 kwa yadi 25, kaa kama utakavyokaa porini, kwa vijiti, sio benchi, piga tano taratibu. Zikiingia zote sogeza yadi 50, halafu 75. Pale ambapo ya kwanza inatoka nje ya sahani rudi hatua moja nyuma, andika hiyo namba kwenye leseni yako kwa kalamu, na msimu ukifika kulungu akisimama zaidi ya hapo mwache apite.